Taifa na Kundi



Kuna neno moja ambalo siku hizi linapigiwa kelele huko Ulaya na Marekani kupita maneno mengine yote ya politiki. Neno hilo ni «raia». Mmoja anasimama na kusema: Mimi ndimi sauti ya raia. Mwenzake anamjibu: Wewe unawadanganya raia, unataka kuiua demokrasia. Wenye elimu wamelipa shauri hilo jina, wanaliita populismu, nao wanagombana juu yake katika vitabu, katika magazeti na katika radio, zaidi tangu mwaka 2016, Waingereza walipopiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya na Wamarekani walipomchagua Donald Trump mara ya kwanza. Wengine wanasema kwamba demokrasia ya kiliberali, yaani ile ambayo walio wengi wanatawala lakini sheria na majaji wanawalinda walio wachache, iko karibu kufa. Wengine wanajibu kwamba haifi hata kidogo. Ni raia waliosahauliwa tu ambao sasa wamepata kusema.

Mtu atauliza: Mambo hayo yanatuhusu nini sisi wakristu wa parokia? Kama ungekuwa ugomvi wa maprofesa tu, tungeuacha. Lakini jina la Kristu limeingizwa ndani yake. Mwezi wa Mei 2018 Bwana Viktor Orbán, Ministri wa Kwanza wa Hungaria wakati ule, alisema bungeni kwamba wakati wa demokrasia ya kiliberali umekwisha, na kwamba mahali pake yeye atajenga demokrasia ya kikristu. Mwezi wa Julai wa mwaka ule ule, huko Băile Tușnad katika nchi ya Rumania, alifafanua kwamba demokrasia ya kikristu, kwa maana yake yenyewe, si ya kiliberali. Hapo hatuwezi kunyamaza. Mwenye kulitia jina la Kristu katika kazi yake ya politiki sharti akubali kuulizwa habari za kazi ile.

Hatuandiki habari za Hungaria kwa dharau. Wazee wetu wanalikumbuka jina la nchi ile. Mwaka 1956 Wahungaria walipoasi utawala wa kikomunisti, na vifaru vya Warusi vikaingia Budapest, Papa Pius XII aliandika barua tatu kwa Eklezia yote katika siku tisa. Kardinali Mindszenty alikimbilia ubalozi wa Marekani, akakaa mle miaka 15. Taifa lililoteswa namna ile lina haki ya kusikilizwa linaposema kwamba linataka kubaki la kikristu.

Tuanze basi na hasira yao, maana ilikuwa na sababu. Jamaa nyingi zilikopa fedha za kununua nyumba, na mikopo ile iliandikwa kwa faranga za Uswisi. Taabu ya mabenki ya mwaka 2008 ilipofika, fedha ya Hungaria ilishuka, na deni likapanda mwezi kwa mwezi ingawa mtu hakukopa hata senti moja zaidi. Serkali yenyewe ilipewa ahadi ya mkopo wa miliari 20 za Euro kutoka nje kusudi isianguke. Tena kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2006, Ministri wa Kwanza Ferenc Gyurcsány aliwaambia wajumbe wa chama chake, mlango umefungwa, kwamba walikuwa wamewadanganya raia bila kukoma. Kumbe sauti yake ilinaswa. Mwezi wa Septemba radio iliitoa, na nchi nzima ikamsikia kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa mtu aliyetendewa hivyo, akimfuata yule anayemwambia «mimi nitakulinda», tumwite mjinga? Hapa ndipo waandishi wengi wanaoitetea demokrasia ya kiliberali wanapotuchosha. Jan-Werner Müller, profesa Mjerumani anayefundisha Princeton huko Marekani, alitoa mwaka 2016 kitabu kifupi na safi juu ya populismu. Anasema kwamba mpopulisti si kila mtu anayewasema vibaya wakubwa. Mpopulisti ni yule anayesema kwamba yeye peke yake anawasimamia raia wa kweli. Wanaompinga si raia wa kweli, ni maadui au watu wa kununuliwa. Fafanuzi hilo ni zuri, nasi tutalitumia. Lakini ukifunga kitabu, unabaki na picha ya daktari anayeujua ugonjwa kuliko anavyomjua mgonjwa. Yascha Mounk, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anajua zaidi kidogo. Anasema magonjwa ni mawili: kuna demokrasia isiyolinda haki za watu, na kuna ulinzi wa haki usiowauliza raia neno lo lote. Mfano wa ugonjwa wa pili si wa kutafutwa mbali. Mwaka 2005 Wafaransa karibu 55 kwa mia na Waholanzi zaidi ya 61 kwa mia waliikataa katiba ya Umoja wa Ulaya. Miaka miwili baadaye wakubwa wakaandika mapatano ya Lisbon, yenye sehemu kubwa ya mambo yale yale, na safari hii Wafaransa na Waholanzi hawakuulizwa. Mtu akiisha kujibu «hapana», halafu akaona jibu lake limewekwa kando, atamwamini nani?

Lakini kuwa na sababu ya hasira ni jambo moja, na kazi iliyofanywa kwa hasira ile ni jambo jingine. Mwaka 2010 upande wa Bwana Orbán ulipata kura 52.7 kwa mia, ukapewa viti 263 katika 386, yaani zaidi ya theluthi mbili. Theluthi mbili katika nchi ile ni ufunguo wa kila mlango, maana inatosha kuibadili katiba. Katiba mpya ilifikishwa bungeni mwezi wa Machi 2011, ikapitishwa mwezi wa Aprili kwa kura za upande ule peke yake. Raia hawakuulizwa kwa kura. Umri wa majaji wa kupumzika ulishushwa ghafula toka miaka 70 hata 62, na wale wazee wakatoka, wakaingia wapya. Korti ya Umoja wa Ulaya ililaumu jambo hilo mwaka 2012. Idadi ya majaji wa korti ya katiba iliongezwa toka 11 hata 15. Sheria ya uchaguzi ikabadilishwa pia. Mwaka 2014 kura zilishuka hata chini ya 45 kwa mia, lakini viti vilikuwa 133 katika 199, yaani theluthi mbili tena. Mwaka 2018 magazeti, radio na televisheni zaidi ya 400 yalitiwa katika mfuko mmoja ulio rafiki wa serkali.

Hatusemi kwamba aliziiba kura. Mwaka 2022 alipata zaidi ya 54 kwa mia, na waliompigia walikuwa watu kweli, wengi wao watu wa misa ya Dominika. Wala hatukatai mema. Tangu mwaka 2020 mama mwenye watoto wanne huko Hungaria hakutozwa kodi ya mshahara maisha yake yote, na Papa Fransisko, alipofika Budapest mwezi wa Aprili 2023, aliisifu kazi ya kuzisaidia jamaa kupata watoto. Lakini katika misa ya Dominika, mbele ya bunge lenyewe, Papa yule yule alisikitikia milango iliyofungwa mbele ya wageni na maskini, naye alikuwa katika nchi iliyojenga mwaka 2015 ukuta wa waya wa kilometa 175 mpakani mwa Serbia.

Jambo moja linatuuma kuliko hayo yote, nalo halisemwi sana. Mwaka 2011 bunge la Hungaria lilitoa sheria juu ya dini, na dini nyingi ndogo, zingine za kikristu kabisa, zikanyang'anywa cheo chao cha eklezia mbele ya serkali. Kati yao ni ile ya mchungaji Gábor Iványi, Mmetodisti aliyeteswa na wakomunisti, ambaye watu wake wanawatunza maskini wasio na nyumba. Mchungaji huyu ndiye aliyewabatiza watoto wawili wa kwanza wa Bwana Orbán. Baadaye akawa mtu wa kuipinga serkali. Mwaka 2014 Korti ya Ulaya ya Haki za Watu ilihukumu kwamba sheria ile ilivunja uhuru wa dini. Tunauliza tu: demokrasia ya kikristu ni ipi hiyo, ambayo bunge lake linapiga kura kuamua ni wakristu gani wanaofaa kuitwa eklezia?

Katika ugomvi huu wote sisi tuna kipimo chetu, nacho ni cha zamani. Usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1944, vita ikiwaka bado, Papa Pius XII alisema katika radio juu ya demokrasia. Alipambanua vitu viwili: taifa na kundi. Taifa linaishi kwa uhai wake lenyewe. Kila mtu ndani yake, mahali pake na kwa kazi yake, anajua wajibu wake na anajua analoliamini. Kundi halina uhai wa ndani. Linangoja kusukumwa kutoka nje, na mwenye kujua kuchezea tamaa zake na hofu zake atalipeleka anakotaka, leo chini ya bendera hii, kesho chini ya ile. Papa akaonya kwamba kundi la namna hii ndilo adui mkubwa wa demokrasia ya kweli.

Mwenye kukishika kipimo hiki ataona kwamba pande mbili za ugomvi zina deni. Mkubwa anayesema «mimi ndimi raia» analigeuza taifa kuwa kundi, maana anayavunja moja kwa moja yale ambamo watu wanasimama kwa miguu yao: gazeti lisilo lake, chuo kisicho chake, jaji asiyemwogopa, hata parokia ndogo ya Wametodisti. Lakini fundi wa serkali anayesema «mambo haya ni magumu, raia hawatayafahamu, tuyapitishe tu», naye anawafanya kundi. Anawahesabu kama mzigo wa kubebwa kwa uangalifu. Wa kwanza analisukuma kundi kwa kelele, wa pili kwa makaratasi.

Sisi wa Kongo hatuhitaji profesa wa kutufundisha kosa la kwanza. Tuliambiwa miaka mingi kwamba MPR, chama kilichoanzishwa mwaka 1967, ndicho taifa lenyewe lililopangwa kwa politiki, na kila mtoto alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Mwaka 1972 Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa kwa kuwa alisema tofauti. Mwaka 1973 magazeti mengi ya Eklezia yakanyamazishwa. Hungaria haikuwa Zaire, tusichanganye: huko wapinzani walipiga kura, wakaandika, wakashinda hata mji wa Budapest mwaka 2019. Lakini maneno yale yanafanana, na masikio yetu yanayatambua.

Chantal Mouffe, mwanamke Mbeljika aliyefundisha London, anapita njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 2018 anataka populismu ya mkono wa kushoto. Anasema raia hawako tayari kama mawe ya mtoni. Wanajengwa, nao wanajengwa kwa kuchora mpaka kati ya walio chini na matajiri wachache wanaotawala. Anaongeza kwamba aliye ng'ambo ya mpaka ni mshindani, si adui wa kuuawa. Tunamheshimu kwa nyongeza hiyo. Lakini mpaka uliochorwa kwa hasira haumtii mchoraji. Papa Fransisko, katika barua yake Fratelli Tutti ya mwaka 2020, analitetea sana neno taifa. Anakataa kila mtetezi wa wadogo aitwe mpopulisti kwa matusi, na analaumu pia mafundisho ya kiliberali yanayoiona jamii kama jumla ya faida za kila mtu peke yake. Kwake taifa halijengwi kwa kumtafuta wa kufukuzwa. Ni nyumba isiyokwisha kujengwa, ambayo mlango wake unabaki wazi kwa anayekuja.

Tumebakiza kitabu kimoja, nacho ndicho kilicho karibu nasi, maana aliyekiandika ni mkatoliki. Patrick Deneen anafundisha katika chuo kikuu cha Notre Dame, Marekani. Kitabu chake juu ya kushindwa kwa liberalismu kilitoka mwaka 2018, na Prezida wa zamani Obama, ingawa si wa upande wake, alikitaja kati ya vitabu alivyovisoma mwaka ule. Deneen anasema liberalismu imeshindwa kwa sababu imefaulu. Ilimwahidi mtu kwamba atakuwa huru bila kamba yo yote, basi kamba zikakatwa: za jamaa, za kijiji, za desturi, za dini. Mtu akabaki peke yake kati ya soko na serkali, na vyote viwili vikakua kwa sababu yake. Ni kweli tupu, nasi tumewaona vijana wetu mijini wakiwa huru namna hiyo, bila mtu wa kuwazika. Dawa aliyoitoa katika kitabu kile ni ya unyenyekevu: watu waanze nyumbani, katika majirani, katika kazi za mikono na matendo ya pamoja, bila kutafuta haraka mafundisho makubwa mapya ya kuitawala dunia. Hiyo ndiyo lugha ya Pius XII. Ndivyo kundi linavyorudi kuwa taifa.

Kwa hiyo kitabu chake cha mwaka 2023 kimetusikitisha. Mle amechoka kungoja. Sasa anataka wakubwa wapya washike mahali pa wakubwa wa zamani kwa nguvu ya raia wenye hasira, kisha watumie serkali kuwaletea watu wadogo mema. Anasema wazi kwamba njia ziwe za Machiavelli na mwisho uwe wa Aristoteli. Tumejiuliza: yule jirani wa kitabu cha kwanza, aliyeanza na bustani yake na shule yake, amekwenda wapi? Amegeuka ngazi. Wakubwa wapya wanampanda ili wafike juu. Aliyefundishwa katekismo kidogo tu anajua kwamba njia mbaya haitakaswi na mwisho mwema, na inatushangaza kwamba mwalimu mkatoliki anaandika neno hilo kama mzaha wa kupita.

Tena anawapita bila kuwatazama vya kutosha wale waliolichukua jina la demokrasia ya kikristu kabla ya Bwana Orbán: Robert Schuman wa Ufaransa, ambaye Eklezia ilimtangaza Mstahivu mwaka 2021, Konrad Adenauer wa Ujerumani, Alcide De Gasperi wa Italia. Hao waliona kwa macho yao mtu mmoja akisema yeye ndiye taifa. De Gasperi alifungwa gerezani na Wafashisti. Basi tuangalie alivyofanya ushindi ulipomjia. Tarehe 18 Aprili 1948 chama chake kilipata kura 48.5 kwa mia na viti 305 katika 574. Angeweza kutawala peke yake. Hakufanya hivyo. Aliwaita katika serkali yake Waliberali, Warepublika na Wasosialisti wa Bwana Saragat, watu ambao wengine wao hawakukanyaga kanisani. Alitaka Italia isigawanyike kuwa upande wa mapadri na upande wa maadui wa mapadri.

Mwaka 1952 lilimpata jaribu kubwa kuliko hilo. Kwa hofu ya wakomunisti kuushika mji wa Roma, wakatoliki wengine wakubwa, na Pius XII mwenyewe akiwa upande huo, walitaka karatasi moja ya uchaguzi pamoja na wafalme na mabaki ya Wafashisti. De Gasperi alikataa. Baadaye alipoomba kuonana na Papa pamoja na jamaa yake, siku ya kukumbuka ndoa yake ya miaka 30, hakupokelewa. Alipata uchungu mkubwa, akatii kama mwana wa Eklezia, wala hakubadili neno lake juu ya uchaguzi. Papa aliyetufundisha kupambanua taifa na kundi alifundisha kweli, na mkristu yule akaishika kweli ile hata siku ambayo Roma yenyewe iliogopa.

Wala De Gasperi hakuwa bila doa, na anayelinganisha sharti alinganishe yote. Mwaka 1953 serkali yake ilipitisha sheria ya kuupa upande wo wote utakaovuka nusu ya kura viti 65 kwa mia. Wapinzani waliiita sheria ya udanganyifu. Inafanana sana na mambo ya Hungaria ambayo tumeyalaumu huku juu, ila huyu alidai kwanza nusu ya kura zote, na yule wa mwaka 2014 alipata theluthi mbili ya viti bila kuifikia. Waitalia walipopiga kura mwezi wa Juni, upande wa De Gasperi ulipata 49.8 kwa mia. Zilipungua kura zaidi kidogo ya 50,000 katika nchi nzima. Viti vya zawadi havikutolewa, serkali yake ikaanguka bungeni mwezi wa Julai, na mwaka uliofuata sheria ile ikafutwa.